Ua Lisiloingia Chunguni

Katuba, hapa mjini Lubumbashi, hakuna ardhi yenye unyevu inayolala bure. Pale mama anapomwaga maji ya kuoshea vyombo patakuwa na lengalenga. Nyuma ya bafu la mabati, maji ya kuogea yanapotafuta njia ya kutokea, pana mgomba. Chini ya bomba linalovuja pana matembele, na kando ya matembele miwa miwili mitatu ya watoto. Mwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, anajua kwa macho udongo wake unanywa wapi na unakauka wapi, na kila penye kunywa pamekwisha pewa kazi.

Ndiyo maana mhibiskusi uliosimama karibu na lango huwasumbua wapita njia. Umepewa mahali pazuri, pale ambapo maji ya mvua ya paa zima hushukia, na hauleti hata kiganja kimoja cha mboga. “Mama, hii maua iko na kazi gani?” Swali hili nimelisikia likiulizwa kwa upole, kwa kejeli, na mara nyingine kwa uchungu wa kweli, na mtu ambaye siku hiyo hakuwa na cha kutia katika sufuria pembeni mwa bukari, ugali wetu. Huwezi kumjibu mtu huyo kwamba maua ni mazuri. Anaona. Ana macho.

Nami sitaki kulijibu kwa haraka. Kuna swali lingine nyuma ya hilo: mti huu umefikaje hapa?

Mhibiskusi wa bustani, ule wa petali tano nyekundu, Linnaeus aliuita waridi la Uchina alipouandika mwaka 1753. Lakini haujapata kuonekana ukiota wenyewe porini, Uchina wala kwingine. Ni mti uliolelewa katika nyua za watu wa Asia na visiwa vya Pasifiki tangu zamani sana, ukachanganywa na kuchanganywa tena. Tena katika bustani zetu ni nadra sana kuuona ukizaa mbegu. Ua hufunguka asubuhi, jioni linaanza kunywea, kesho yake unaliokota chini likiwa limejisokota kama tumbaku iliyoviringishwa. Basi. Hakuna tunda, hakuna kokwa ambayo ndege angeimeza na kuidondosha penye ua wa jirani, na upepo hauna cha kubeba.

Maana yake ni kwamba kila mhibiskusi ulioko Katuba ni kipande cha mhibiskusi mwingine, na ule wa mwingine tena, mpaka huko tusikokujua. Mwembe unaweza kujiotea jalalani, na mpapai humea penye ufa wa saruji usijue nani aliutupa. Mhibiskusi haujioteshi. Ukiuona mahali, jua kuna mtu alikata, kuna mtu alipokea, kuna mtu alimwagilia.

Na kumwagilia kwenyewe si jambo dogo. Lubumbashi tunapata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, nyingi yake ikianguka kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa huanguka karibu na sifuri. Tuko juu ya mita 1,200, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba usiku ni wa baridi, mtu analala na makoti. Mti unaopenda udongo wenye unyevu na jua la joto ukipandwa katika mji wa namna hii unapewa nusu mwaka ya neema na nusu mwaka ya kutegemea ndoo ya mtu.

Anayetaka kuuotesha angoje mvua zishike. Achague tawi ambalo si kijani laini cha juu wala si gogo lenye gamba la kijivu, bali lile la katikati, lenye unene wa kalamu, linalokataa kidogo unapolikunja. Alikate shubiri moja na zaidi kidogo, kwa wembe mkali, chini tu ya kifundo, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Majani ya chini ayaondoe yote. Yale ya juu ayakate nusu, kwa sababu jani zima linatoa maji mengi na kijiti hakina mzizi wa kuyarudisha. Akiona chipukizi la ua alitoe bila huruma. Mkebe wa maziwa uliotobolewa chini unatosha, na ndani yake udongo mwekundu, mchanga wa mtoni na mbolea iliyooza vizuri. Auweke chini ya mwembe, kwenye kivuli chepesi.

Halafu ndio mtihani. Baada ya siku chache kijiti kinatoa majani mawili madogo, yenye kung'aa, na mwenye nyumba anafurahi. Kinachotoa majani hayo ni utomvu wa akiba. Chini bado hakuna kitu. Ukikihamisha wakati huo kinakufa. Njia ya kujua ni kukivuta kidogo sana kwa vidole viwili: kikija, bado, kikikataa, kimeshika. Tatizo ni watoto, ambao wakishaona mkubwa anavuta, nao watavuta kila asubuhi, tena mpaka mwisho. Nadhani mikebe mingi ya Katuba imekufa kwa udadisi kuliko kwa kiu.

Kikishika, kipandwe ardhini kabla ya mwaka mpya au muda mfupi baada yake, ili mizizi iwe imeshuka chini kabla ya mwezi wa tano. Shimo liwe pana kuliko mkebe mara mbili. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wamesikia kwamba mti huu unapenda maji. Unapenda unyevu, lakini kusimama ndani ya maji kunauua. Udongo wetu mwekundu, hasa ule wenye mfinyanzi wa kichuguu, hushika maji muda mrefu, na kwenye bonde la lupango mvua ya mwezi wa kwanza inaweza kutuama siku nzima. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na juu majani yanageuka manjano. Mwenye nyumba akiona manjano anadhani ni kiu, anaongeza ndoo. Yale yale hutokea mwezi wa saba, baridi inapoudumaza mti na kuangusha machipukizi: watu wanauzamisha kwa maji kumbe ulikuwa unapumzika tu.

Kichuguu chenyewe kinastahili neno. Vile vilima vikubwa vya mchwa vinavyozunguka Lubumbashi, vingine vinavyopita kimo cha nyumba, ndivyo vilivyotupa matofali. Mfinyanzi wake unashikana vizuri, hauhitaji kusafirishwa mbali, na nyumba nyingi za mji huu zimetoka humo. Mara nyingi tofali lilifyatuliwa papo hapo kiwanjani, na shimo likabaki. Shimo hilo ndilo linalokuwa pahali penye maji kuliko pote. Wengine hulijaza takataka, wengine hulifanya choo. Nimewaona wenye akili zaidi wakilijaza majani makavu, majivu kidogo na maganda, mwaka mmoja, miwili, kisha wakapanda pembeni mwake. Nasema pembeni. Mizizi itaufuata unyevu yenyewe.

Majivu yasizidi. Katuba tunapika kwa makala, yaani mkaa, kwa hiyo majivu hayatuishii, na mama wengi huyamwaga yote chini ya mti mmoja kwa imani kwamba ni mbolea. Yana potasi, na mhibiskusi unaipenda potasi kwa ajili ya maua. Lakini yanapunguza uchachu wa udongo, na mti huu unataka udongo wenye uchachu kidogo. Konzi moja moja kwa nafasi, basi. Na ukiona weupe kama pamba kwenye ncha za matawi, na sisimizi wakipanda na kushuka, kata ncha hizo uzichome, kisha nyunyiza maji ya sabuni. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane ukielekea wa tisa, pogoa kwa ujasiri: ua hutokea kwenye chipukizi jipya, na asiyekata anabaki na vijiti virefu vyenye ua moja moja juu kabisa, mbali na macho.

Nimekwenda mbali na swali la jirani, lakini si sana.

Kuna lawama mbili ambazo kila mwenye maua Katuba amezisikia: nyoka na mbu. Kichaka kinaficha nyoka. Majani mengi yanaleta mbu. Ya nyoka siwezi kuibishia mno, ingawa nyoka hupenda zaidi rundo la matofali lililosahauliwa. Ya mbu ina nusu ya ukweli. Mbu mkubwa hupumzika mchana penye kivuli na ubaridi, na kichaka kinamfaa. Lakini mbu wa malaria anazaliwa kwenye maji yaliyotuama, katika lile shimo la matofali na katika nyayo za matairi barabarani. Ukifyeka mhibiskusi na kuacha shimo, umemfukuza mbu kitandani umemwachia hospitali ya uzazi.

Hofu hii ina historia katika mji wetu. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ilianzishwa mwaka 1910, tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi mwaka uliofuata, na haikuchukua muda wakubwa wa koloni wakachora ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, kwa hesabu ya umbali ambao mbu anaweza kuruka. Afya ikawa sababu ya kutenga watu. Msanii wa hapa hapa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, aliupiga picha ukanda huo kutoka angani katika kazi yake iitwayo “Essay on Urban Planning”, ya mwaka 2013. Kati ya picha hizo aliweka picha za wadudu wa makumbusho, na picha ya zamani inayokumbusha kampeni ya mwaka 1929, ambapo mfanyakazi alidaiwa nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho yake. Nikiiwaza kazi hiyo naelewa kwa nini wazee wetu walifagia ua wao mpaka ukawa mweupe kama sakafu. Ua mtupu ulikuwa cheti cha usafi mbele ya mkaguzi. Jani lililozidi lilikuwa kosa.

Hata hivyo Katuba ilizaliwa kwa namna tofauti kidogo na kambi za kampuni. Kambini, nyumba ilikuwa ya Union Minière, kampuni ya madini: kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Katuba iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1950, wakati Ferdinand Grévisse akisimamia wilaya, ilifuata utaratibu ambao bado unaitwa kwa jina lake: mtu anapewa kiwanja, anakopeshwa vifaa, anajijengea mwenyewe. Sina haja ya kumpamba Grévisse. Alikuwa mtawala wa kikoloni, na mpango wake ulikuwa na hesabu zake. Lakini matokeo yake ni kwamba mfanyakazi aliyetoka Kasai au Kamina au pande za Bukama alipata kwa mara ya kwanza udongo wa mjini ambao mwisho wa mkataba haukumng'oa. Hata mitaa ikapewa majina yenye maji ndani yake: Upemba, Kisale, Lufira. Maziwa na mto, juu ya barabara za vumbi.

Mtu anayengoja kuondoka anapanda mahindi, maana miezi minne inamtosha. Anayedhani atakuwepo mwaka ujao anapanda mhogo. Anayepanda kitu ambacho hakitamlipa hata akingoja miaka kumi, na ambacho kila kiangazi kinamwomba ndoo, huyo ameamua kwamba hapa ndipo kwake. Ndiyo kazi ya ile maua, mama. Ni kazi ya kukaa.

Sisemi kwamba njaa haina haki. Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ikawa hadithi, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaanza kuondoshwa katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Ungekuwa wazimu kumwambia mtu aache nafasi kwa ajili ya ua. Mji mzima ukawa shamba. Palipokuwa na bustani pakawa na sombe (kisamvu), na mahindi yakafika mpaka kwenye mitaro ya barabara. Mihibiskusi mingi lazima iliondoka wakati huo, na hakuna wa kulaumiwa.

Ila mahindi na mboga za mjini nazo zina kesi yao. Moshi wa tanuru ulisukumwa miaka mingi na pepo za kusini mashariki kuelekea Penga Penga na kwingineko kaskazini magharibi, ukaacha ardhi iliyojaa shaba ambayo haioti hata nyasi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko kupanda nyasi za asili, wakitia chokaa na mboji ili kuifunga shaba udongoni. Katuba haimo katika njia kuu ya moshi huo, lakini Katanga nzima imelala juu ya madini na chini ya vumbi lake. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto ndio waliozidi. Vumbi na chakula vilitajwa miongoni mwa njia za kuingilia. Tangu niliposoma matokeo hayo, mboga iliyooteshwa kando ya mtaro wa maji machafu siiangalii tena kwa uaminifu ule wa zamani. Ua halijawahi kumdanganya mtu hivyo. Haliingii chunguni, kwa hiyo chochote lilichokunywa halikipitishi kwa mtoto.

Na Katanga tuna ua letu wenyewe, la kienyeji kabisa, ambalo sifa yake ni kunywa kilichowashinda wengine. Linaitwa Haumaniastrum, mmea mdogo wenye maua ya rangi kati ya buluu na zambarau. Huota penye shaba nyingi, pale ambapo miti ya miombo imekata tamaa. Wataalamu wa madini walilifuata kama mwongozaji. Wanaakiolojia nao waliligundulia kazi: palipokuwa na tanuru za wayeyushaji wa kale, taka za shaba zilibaki udongoni, na karne nyingi baadaye mmea huo bado unaonyesha mahali. Ni ua la ajabu, na nalistahi. Lakini fikiria wanaolifuata wanakuja na nini mkononi. Linasema: chimbeni hapa. Mji huu umejengwa na watu walioitikia sauti hiyo, na kila bei ya shaba ikipanda au kushuka tunahesabu nani amekuja na nani amerudi kwao. Mhibiskusi wa langoni hauonyeshi chochote kilichoko chini. Unaonyesha tu kwamba nyuma yake kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtu mwenye ndoo.

Nakubali kwamba jibu hilo halishibishi. Kwa hiyo nasifu ujanja wa mama mmoja wa upande wa Upemba, ambaye safu yake ya mihibiskusi kando ya ukuta ni miongoni mwa zile ninazozipenda zaidi. Kati ya mti na mti amepanda ngai-ngai. Ni ndugu wa damu: hibiskusi zote mbili, kama vile bamia na pamba walivyo jamaa zao wa mbali. Maua ya ngai-ngai ni madogo, ya njano hafifu yenye kitovu chekundu kilichokolea, na ukiyatazama karibu unaona ile ile nguzo ya katikati iliyobeba chavua, ile ile ya ua kubwa jekundu la jirani yake. Majani yake machachu yanaingia chunguni na samaki, na vikombe vyekundu vinavyobaki baada ya ua huchemshwa vikawa kinywaji. Mpita njia akiuliza kazi ya maua, mama anakata fungu la majani na kumpa, mazungumzo yanahamia kwenye mapishi.

Tofauti yao inaonekana kiangazi. Ngai-ngai ni wa mwaka mmoja. Mwezi wa sita umebaki vijiti vyekundu vya kuwashia moto, na mbegu zake zimo kwenye karatasi juu ya kabati zikingoja mvua. Mihibiskusi iko pale pale, majani machache, umanjano kidogo, ua moja moja likijaribu. Mwana wa pili wa mama huyo ndiye mwenye zamu ya ndoo, na analalamika kila jioni.